Waziri akitajwa kwenye kashfa, ni nani hasa anamtoa ofisini?

#1 Katuba_Mbili
Jambo wote. Hapa kwetu Kongo (RDC), Lubumbashi, kila kona ina jibu lake juu ya kesi ya Constant Mutamba, lakini swali langu ni lingine. Mutamba, Waziri wa Sheria, alitajwa mwezi wa 5 mwaka 2025 kuhusu zaidi ya dola milioni 19 za gereza la Kisangani. Akabaki ofisini. Prokirere mkuu (mwendesha mashtaka) akaandikia Bunge, naye yuko ofisini. Tarehe 29 Bunge likaruhusu achunguzwe, bado ofisini. Aliondoka katikati ya mwezi wa 6, baada ya kura ya pili. Ninasema hivi: kwetu hakuna maadili ya uongozi, kuna hesabu ya viti. Mwenye viti 251 nyuma yake hana kashfa. Anayepinga aje na kifungu.

#2 Mwanasheria_Kampemba
Nimekuja nacho. Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2006: kushtakiwa kwa waziri kunapigiwa kura katika Bunge la taifa, wingi kamili wa wanachama wote. Bunge lina viti 500, kwa hiyo ni kura 251, wawe wamehudhuria wote au nusu yao wamebaki majimboni. Kifungu hichohicho kinaendelea: mjumbe wa serikali akiisha kuwekwa chini ya mashtaka, anawasilisha barua ya kujiuzulu. Hachagui. Mutamba alitoka pale Katiba ilipomlazimisha kutoka, hata siku moja kabla haikumdai.

Kwa Rais na Waziri Mkuu mlima ni mrefu zaidi: theluthi mbili za wabunge na maseneta wakiketi pamoja kama Kongre, tena mwamuzi ni Mahakama ya Katiba. Kwa mawaziri wengine ni Korti ya Kasasio, korti ya juu ya kesi za kawaida.

#3 MamaRuashi
Mwanasheria, aksanti, lakini umejibu nusu. Kuna kifungu cha 78. Rais anamaliza kazi ya waziri kwa pendekezo la Waziri Mkuu, siku yoyote, bila kura ya mtu. Barua moja ya Waziri Mkuu na agizo moja la Rais. Kwa hiyo zile wiki ambazo Mutamba alibaki kitini huku faili lake liko Bungeni, kuna watu wawili waliokuwa na kalamu na hawakuitumia. Msitupie Bunge peke yake mzigo.

#4 Mwalimu_wa_Kenya
Na kuna mlango wa tatu ambao watu wanausahau: mosio ya kutokuwa na imani na waziri mmoja, kifungu cha 146. Inataka sahihi za moja ya kumi ya wabunge, maana yake 50. Ile ya kuangusha serikali nzima inataka robo, yaani 125. Mjadala na kura havifanyiki kabla ya saa 48 kupita tangu mosio iwekwe mezani. Ikishindwa, waliosaini hawawezi kuleta nyingine ndani ya kikao kilekile.

Hiyo haihitaji hatia ya kortini. Inahitaji tu wabunge waseme: huyu hatumwamini tena. Mahali pa maadili katika Katiba yetu ni hapo hasa, kuliko 166.

#5 Katuba_Mbili
Mwalimu, wewe ni wa Kenya ya Nairobi ama ya hapa? Unaongea kama mtu ambaye hajaona mosio zetu zinavyokufa.

#6 Mwalimu_wa_Kenya
Komini Kenya, jirani yako wa Katuba, mdogo wangu. Na mosio zinavyokufa ninazifahamu vizuri, acha nikuonyeshe.

Ya kwanza ni sahihi. Mbunge anasaini asubuhi, jioni anaandikia biro (uongozi) ya Bunge kwamba ameondoa jina lake. Ukianza na 52, wanatosha watatu kukuua. Wenye uzoefu hawaweki karatasi mezani kabla ya kufika 70 au 80.

Ya pili ni ratiba. Biro ya Bunge ndiyo inayopanga mambo ya siku. Vikao vya kawaida ni viwili: 15 mwezi wa 3 hadi 15 mwezi wa 6, na 15 mwezi wa 9 hadi 15 mwezi wa 12. Mosio iliyowekwa siku za mwisho inazikwa na tarehe. Tazameni kura ya mwisho ya Mutamba ilipigwa lini: Jumapili, tarehe 15 mwezi wa 6. Siku ya kufunga kikao. Wangelala siku hiyo, faili lingengoja mwezi wa 9 au kikao cha dharura.

Ya tatu ndiyo mbaya: mosio ndani ya mosio. Waziri ameshasimama kujibu, mbunge wa upande wake anainua mkono na kusema majibu yametosha, tufunge mjadala. Inapigwa kura palepale. Ikipita, ile kubwa haifiki kwenye kura kabisa, na kwenye kitabu cha kumbukumbu hakuna aliyesema waziri ni safi wala ni mchafu.

#7 Likasi_Panda
Lakini zikitaka kupita zinapita. Mwezi wa 1 mwaka 2021 Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba aliangushwa kwa kura 367. Mwezi mmoja na nusu kabla, Jeanine Mabunda ametolewa kwenye uongozi wa Bunge kwa kura 281. Bunge lilelile ambamo FCC, muungano wa Joseph Kabila, ilikuwa na wingi mkubwa! Hakuna aliyesema hao ni kesi ya maadili, ila wingi ulikuwa umehama. Namuunga mkono Katuba_Mbili.

#8 Hesabu_za_Leta
Mnazungumza juu ya mlango wa kutokea. Mimi nataka turudi kwenye mlango wa kuingilia, kwa sababu kashfa inazaliwa kwenye karatasi miezi mingi kabla ya mbunge yeyote kusikia.

Franga ya leta (serikali) inapita hatua 4. Sheria ya fedha za umma ni ile ya tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka 2011. Kwanza angajema: afisa wa kredi ndani ya wizara anaandaa boni, anaambatanisha mkataba na karatasi za soko (kandarasi ya leta), kontrola wa bajeti anaweka viza. Pili likwidasio: Wizara ya Bajeti inahakiki kwamba kazi imefanyika kweli na kiasi ndicho hicho. Tatu ordonansema: Wizara ya Fedha inatoa amri ya kulipa. Nne, Benki Kuu inalipa. Kila hatua ina macho tofauti na sahihi tofauti. Waziri mwenye njaa peke yake hawezi kuvuka zote nne. Lazima awe na watu, au awe na njia ya mkato.

Njia ya mkato inaitwa malipo ya dharura. Barua inapanda juu, Benki Kuu inalipa kwanza, na boni zinatengenezwa baadaye kwa jina la kurekebisha vitabu. Iliwekwa kwa ajili ya volkano, vita, mlipuko wa ugonjwa. Mkifungua ripoti za utekelezaji wa bajeti mtaona inatumika hata kwa mambo yaliyojulikana mwaka mzima kabla. Fedha ikitoka kwa dharura, kontrola wa bajeti anaona karatasi wakati pesa iko kwenye akonti ya mtu. Anaweza kufanya nini? Anaandika noti.

Kwa hiyo waziri anayeiba na waziri anayeharakisha mradi kwa nia njema wanaacha alama zilezile kwenye vitabu. Hapo ndipo kila kesi inakwama: utetezi unasema dharura, prokirere anasema wizi, na karatasi haisemi.

#9 MamaRuashi
Hesabu, post hii ihifadhiwe. Na ile «operesheni retur» iko hatua gani?

#10 Hesabu_za_Leta
Haiko kwenye hatua yoyote, mama, ndiyo maana haionekani. Kampuni inapandisha bei kwenye fakture, inalipwa kihalali, kisha sehemu inarudi kwa mkono au kupitia kampuni ndogo iliyopewa kazi ya pembeni. Ukikagua chaneli ya malipo utaikuta safi. Unaipata kwa kulinganisha bei tu: kitu kilekile, soko lilelile, mwaka uleule, kwa nini hapa ni mara tatu? Wakaguzi wazuri wanaanza na bei, sahihi zinafuata.

#11 Ndosho_Goma
Kesi ya Oly Ilunga inafaa hapa. Waziri wa Afya, pesa za kupambana na Ebola huku kwetu Kivu Kaskazini, mlipuko ulioanza 2018. Korti ya Kasasio ikamhukumu mwezi wa 3 mwaka 2020, miaka 5 ya kazi za nguvu, kwa zaidi ya dola 400,000. Hiyo ilikuwa dharura ya kweli, watu walikuwa wanakufa, na ndiyo dharura iliyotoa nafasi. Alikuwa amejiuzulu tangu mwezi wa 7 mwaka 2019, lakini kwa sababu ya ugomvi wa nani anaongoza mapambano na suala la chanjo ya pili, si kwa sababu ya pesa. Kwa hiyo #1, kuna waziri aliyetoka kabla ya mashtaka, na hakutolewa na viti 251.

#12 Likasi_Panda
Vizuri. Na Matata Ponyo, Waziri Mkuu wa zamani, naye alihukumiwa na Kasasio hiyohiyo, miaka 10 kwa Bukanga Lonzo. Kasasio inafanya kazi.

#13 Mwanasheria_Kampemba
Hapana, Likasi. Matata alihukumiwa na Mahakama ya Katiba, tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 2025. Miaka 10 ya kazi za nguvu. Pamoja naye Deogratias Mutombo, gavana wa zamani wa Benki Kuu, na Mwafrika Kusini Christo Grobler, miaka 5 kila mmoja.

Na njia ya kufika hapo inafaa kusimuliwa, maana inajibu uzi huu. Hifadhi ya kilimo ya Bukanga Lonzo, hekta 80,000, ilizinduliwa 2014, ikasimama 2017. Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ukasema mwaka 2020 kwamba kati ya dola milioni 285 zilizotoka, 205 zilipotea. Mwezi wa 11 mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikasema haina mamlaka, kwa kuwa hakuwa tena Waziri Mkuu. Kesi ikahamia kwingine. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa 11 mwaka 2022, Mahakama ileile ikasema: tuna mamlaka. Majengo yaleyale, Katiba ileile, jibu limegeuka.

Na wakati wa hukumu yeye ni mbunge. Kukawa na ubishi mkali kama kifungu cha 107, kinga ya mbunge, kilitaka Bunge liombwe ruhusa. Mahakama iliendelea.

#14 Likasi_Panda
Nimekosea, nimesahihishwa. Aksanti mwanasheria.

#15 KadutuJuu
Salamu kutoka Bukavu. Mmezunguka kote, bado hamjamtaja Vital Kamerhe, na yeye ndiye mfano unaovunja hesabu zenu zote.

Mkuu wa kabine (ofisi) ya Rais, alikamatwa mwezi wa 4 mwaka 2020 katika kesi ya programu ya siku 100 za kwanza za Rais. Tarehe 20 mwezi wa 6 akapewa miaka 20 ya kazi za nguvu, pamoja na mfanyabiashara Samih Jammal, kwa karibu dola milioni 50 za nyumba za kuunganisha. Jaji Raphaël Yanyi aliyeongoza kesi alikufa usiku katikati ya kesi, na uchunguzi wa mwili ukaonyesha majeraha ya kichwa. Rufani, 2021: miaka 13. Mwezi wa 4 mwaka 2022 Kasasio ikavunja hukumu. Mwezi wa 6, rufani mpya: hana hatia. Mwezi wa 3 mwaka 2023 ni Naibu Waziri Mkuu wa Uchumi. Mwezi wa 5 mwaka 2024 ni Spika wa Bunge. Tarehe 22 mwezi wa 9 mwaka 2025 anajiuzulu uspika baada ya petisio za wabunge.

Sasa niambieni: katika ngazi zote hizo, ni wapi maadili yaliamua?

#16 Katuba_Mbili
Kadutu, watu wa Bukavu waliingia barabarani kwa ajili yake 2020. «Mtoto wa kwetu.» Nanyi mnachangia.

#17 KadutuJuu
Waliingia, sikatai. Na Lubao watasema hivyo juu ya Mutamba, na Maniema juu ya Matata. Mkoa unasikia hukumu ya mtoto wake kama matusi kwa mkoa mzima. Hilo ni jibu mojawapo la swali lako, wala si la Bukavu peke yake: waziri hajiuzulu kwa sababu akijiuzulu, wa kwao wanaona amewaangusha. Akikataa, anakuwa shujaa wa kudhulumiwa. Kisiasa, kubaki kunalipa kuliko kuondoka.

#18 MamaRuashi
Linganisheni Kamerhe na Mutamba kwa jambo moja tu, ngazi za korti. Kamerhe hakuwa waziri. Mkuu wa kabine hapelekwi Kasasio moja kwa moja, alianza Tribinali kuu ya Gombe, akawa na rufani, akawa na kasasio, akarudi rufani. Ngazi nne, na kila ngazi hukumu ilibadilika. Mutamba alikuwa waziri, kwa hiyo Kasasio ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 2025: miaka 3 ya kazi za nguvu, miaka 5 bila haki ya kuchagua wala kuchaguliwa, na hakuna pa kukata rufani. Oly Ilunga vilevile. Matata vilevile mbele ya Mahakama ya Katiba.

Tunaita hiyo heshima ya cheo, kuhukumiwa na korti ya juu. Kumbe ni mtego. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, kifungu cha 14 aya ya 5, unasema aliyehukumiwa ana haki ya kesi yake kuangaliwa tena na korti ya juu zaidi. Nchi yetu imo ndani ya mkataba huo tangu 1976. Mtu wa kawaida aliyeiba mbuzi Kasenga ana rufani, waziri hana. Na sisi raia nasi tunapoteza, kwa sababu hukumu isiyoweza kupimwa mara ya pili hakuna anayeiamini hata ikiwa sahihi.

#19 Mwanasheria_Kampemba
Hapo umenishika. Wanaotetea mfumo wanasema korti ya majaji wengi wenye uzoefu inatosha kama kinga. Mimi sioni hivyo tena.

#20 Musonoi
Ninyi mnahesabu kashfa zenye washtakiwa. Huku Kolwezi tunaishi juu ya ile isiyo na mshtakiwa. Sicomines, mkataba wa migodi wa 2008: Wachina 68%, upande wa Gécamines (kampuni ya migodi ya leta) 32%, miundombinu ya dola bilioni 3 iliahidiwa. IGF ilitoa ripoti mwezi wa 2 mwaka 2023: miundombinu iliyofanyika ni ya milioni 822. Miaka 15! Mkataba ukajadiliwa upya, mwezi wa 3 mwaka 2024 ikasainiwa nyongeza inayopandisha miundombinu hadi bilioni 7. Je, kuna waziri aliyeitwa Bungeni akaangushwa? Waliosaini, waliohakiki, walionyamaza, wote walihesabiwa kama «nchi». Kashfa ikiwa kubwa kupita kiasi inageuka kuwa diplomasia.

#21 Ndosho_Goma
Musonoi ameleta mfano mzuri lakini ameuchanganya. Mkataba mbaya si lazima uwe wizi. Ukimshtaki waziri kwa mkataba mbaya, kesho hakuna atakayesaini lolote.

#22 Musonoi
Sikusema buloko (jela). Nimesema kuulizwa. Kuitwa, kujibu mbele ya watu, na kuacha kiti kama jibu halitoshi. Kifungu cha 138 kinatoa maswali, interpelasio na tume ya uchunguzi bila kumgusa prokirere. Sisi tumechanganya hivyo viwili: tunangoja pingu ndipo tuseme maadili.

#23 Mwalimu_wa_Kenya
Musonoi, #22 yako ndiyo nilichotaka kusema kwenye #4 nikakosa maneno.

#24 Hesabu_za_Leta
Turudi Kisangani kidogo, kwa sababu pale kuna jambo la ufundi linalopita bila kuonwa. Soko la gereza lilipewa Zion Construction kwa gre-a-gre (bila zabuni), takriban dola milioni 29, na 19 zikatoka mwanzoni. Sheria ya masoko ya umma ya tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 2010 haikatazi gre-a-gre. Inataka ruhusa maalumu ya DGCMP, idara inayokagua masoko ya umma, kabla, na sababu moja kati ya zile zilizotajwa: dharura halisi, siri ya ulinzi, mtoa huduma mmoja tu duniani na kadhalika. Malipo ya kuanzia yanalindwa na dhamana ya benki ya kiasi hichohicho, ili mjenzi akikimbia benki yake irudishe. Kutoa theluthi mbili kabla msingi haujachimbwa ni kinyume cha ada yote ya ujenzi.

Mtu akitaka kupima soko lolote la leta, aombe karatasi hizi kwa mpangilio huu: mpango wa masoko wa mwaka (je, mradi umo?), ruhusa ya DGCMP na tarehe yake, tarehe kampuni iliandikishwa, dhamana ya benki, tarehe ya malipo. Ukizipanga kwa tarehe, uongo unajionyesha wenyewe. Ruhusa iliyokuja baada ya malipo haihitaji wakili kuelezwa.

#25 Ndosho_Goma
Na pesa zenyewe zilikuwa za nani? Zilitoka FRIVAO, mfuko wa fidia kwa waathirika wa shughuli za Uganda. Korti ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022: dola milioni 325, zikiwemo 225 kwa madhara kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, zilipwe milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Kisangani ilipigwa makombora siku 6 mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya nchi mbili za kigeni yakipigana ndani ya mji wa watu wengine. Waliopoteza miguu pale wamengoja miaka 22 korti iseme. Hata kama kila karatasi ya Hesabu ingekuwa sawa, hata kama hakuna aliyetia senti mfukoni, naye Mutamba mwenyewe alikana mashtaka, je, fidia ya mjane inajenga gereza? Hilo ndilo swali la maadili. Wabunge 500, na mjadala mkubwa ulikuwa kama prokirere amefuata utaratibu.

#26 MamaRuashi
Ndosho umenitoa machozi. Kweli.

#27 Likasi_Panda
Kwa nini basi IGF isiwakamate wenyewe? Tangu 2020 chini ya Jules Alingete ilikuwa inaogopwa kila wizara.

#28 Mwanasheria_Kampemba
Wakaguzi wa IGF wana hadhi ya polisi wa mahakama, wanaweza kuhoji na kuandika mahojiano. Kushtaki hawawezi. Faili linaenda parke (ofisi ya prokirere), na likiwa la waziri au mbunge, parke inasimama mlangoni mwa Bunge. Isitoshe IGF iko chini ya Rais. Chombo cha nje kinachotakiwa na Katiba ni Korti ya Hesabu, kifungu cha 180, ambayo watu hawaijui hata jina.

#29 KadutuJuu
Na ndiyo nadharia yangu: kashfa haizaliwi siku ya wizi, inazaliwa siku mtu anapopoteza kivuli. Ripoti zinakaa kwenye droo. Ukigombana na mkubwa, droo inafunguka. Mutamba alikuwa amegombana hadharani na majaji, wale wale aliotaka kuwasafisha.

#30 Mwalimu_wa_Kenya
Kadutu, nadharia hiyo ina ubaya mmoja: haiwezi kukanushwa. Akishtakiwa, amepoteza kivuli. Asiposhtakiwa, anacho. Inaeleza kila kitu, kwa hiyo haielezi kitu. Kamerhe alikamatwa akiwa mshirika namba moja wa Rais, mwenye makubaliano ya Nairobi mkononi.

#31 KadutuJuu
Mwalimu, ndiyo hasa! Makubaliano yale yalimpa zamu ya kugombea 2023. Mshirika namba moja ndiye mpinzani namba moja wa kesho.

#32 Mwalimu_wa_Kenya
Na kurudishwa serikalini 2023?

#33 KadutuJuu
Kura za Kivu Kusini. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa 12.

#34 Katuba_Mbili
Hamtamaliza ninyi wawili. Kuna jambo ambalo bado halijaguswa, watu wa ndani. Gradi Koko na Navy Malela, waliokuwa wafanyakazi wa benki Kinshasa, walitoa nyaraka kuhusu mambo ya mfanyabiashara wa migodi Dan Gertler. Mwaka 2020 wakahukumiwa kifo bila kuwepo, na wao wenyewe na dunia wamejua mwezi wa 2 mwaka 2021. Hesabu anasema karatasi zinaongea zikipangwa kwa tarehe. Nani atazitoa kwenye kabati?

#35 Hesabu_za_Leta
Sina jibu la kukupa. Ndiyo maana nilitaja karatasi ambazo ni za wazi kisheria. Hizo mtu anaweza kuziomba bila kuiba.

#36 MamaRuashi
Basi tuanze na iliyo wazi kuliko zote. Kifungu cha 99: Rais na kila waziri, kabla ya kuingia na baada ya kutoka, anapeleka Mahakama ya Katiba tangazo la maandishi la mali ya familia. Akonti za benki, hisa, nyumba, viwanja visivyojengwa, mashamba, hadi migodi. Mali ya mke au mume kulingana na aina ya ndoa, ya watoto wadogo, na ya watoto wakubwa ambao bado wanalishwa nyumbani. Asipopeleka ndani ya siku 30, anahesabiwa amejiuzulu. Hakuna kura ya 251, hakuna prokirere, hakuna Waziri Mkuu. Siku ya 31 kiti kiko wazi!

Huyu ndiye anayemtoa waziri, Katuba_Mbili. Kalenda.

#37 Mwanasheria_Kampemba
Ni kweli, na ongeza cha 98: waziri haruhusiwi kununua wala kukodi mali ya leta, yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine. Lakini cha 99 kinasema Mahakama inapeleka tangazo kwa idara ya kodi. Hakisemi lichapishwe. Hapo ndipo kilipopoteza meno. Kinachohesabu siku 30 ni Mahakama, na sisi hatuoni saa yake.

#38 Likasi_Panda
Tuombe basi. Serikali ya Judith Suminwa ilipangwa upya mwezi wa 8 mwaka 2025. Walioingia wana siku 30, waliotoka wana siku 30. Zote zimeisha.

#39 Mwanasheria_Kampemba
Kifungu cha 27: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka petisio kwa mamlaka ya umma, peke yake au na wenzake, na mamlaka inajibu ndani ya miezi 3. Msiombe yaliyomo kwenye matangazo. Watasema ni siri ya familia na kesi imekwisha. Ombeni vitu viwili tu: majina ya waliopeleka, na tarehe ya kupokelewa kwa kila mmoja. Tarehe si mali ya mtu.

#40 Hesabu_za_Leta
Na barua iwe na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na namba. Bila muhuri, miezi 3 haianzi kuhesabiwa. Taja vifungu 24, 27 na 99 kwenye kichwa cha barua, ukurasa mmoja usizidi.

#41 KadutuJuu
Ukurasa mmoja. Na ombeni pia ya waliotoka mwaka 2024, si wapya tu, wasije wakasema tunawinda watu fulani.

#42 Katuba_Mbili
Naandika leo usiku. Mwanasheria, naielekeza kwa Rais wa Mahakama ya Katiba au kwa grefie (karani) mkuu?

#43 Mwanasheria_Kampemba
Kwa Rais wa Mahakama, nakala kwa grefie mkuu. Grefie ndiye mwenye rejista.